Mrututu wa Kambini

Mwenyekiti wa chama chetu alinipigia simu nikiwa sokoni Mlandege, hapa Iringa, nachagua viazi. Ana sauti ya kuhutubia hata akiongea na mtu mmoja. "Dada, wewe ulikuwa mwalimu. Tuandikie historia ya Kambini, kurasa mbili tatu, iwe nzuri." Chama chenyewe ni kundi la simu la watu waliozaliwa au kukulia kwenye mji wa machimbo ya shaba, kule milimani upande wa Mbeya. Mji huo wakati ule haukuwa na mtu, ukimtoa mdogo wangu wa kiume. Walikuwa wamepanga kukutana hukohuko, wale pilau, wapige picha na wasomewe historia yao. Nikamwambia historia ninayoijua mimi si nzuri. Akacheka, akasema nitie chumvi kidogo, ni sherehe.

Sikumwandikia. Lakini kama ningeandika, ningeanza na mteremko, kwa sababu Kambini kila kitu kilipangwa kwa mteremko. Juu kabisa, kwenye mikaratusi na upepo safi, walikaa mameneja, na nyumba zao zilikuwa na bomba ndani na maua nje. Katikati walikaa makarani na mafundi. Chini kabisa zilikuwa kota za wachimbaji, vyumba vilivyoshikana migongo, mlango wa jirani ukifunguliwa wako unatikisika. Ndiko tulikokaa sisi. Maji nayo yalishuka kwa utaratibu huohuo. Yalikuwa safi kwa meneja, yakaingia kwenye mtambo wa kusaga mawe na kuyaosha kwa asidi, yakatoka upande wa pili yakiwa ya kijani na kupita mbele ya milango yetu. Mama zetu walifulia humo bomba la kota lilipokauka. Nguo nyeupe Kambini hazikuwepo, labda za padri.

Kwenye kundi la simu wenzangu hawaandiki habari za maji ya kijani. Wanaandika kwamba tulikuwa na umeme wakati vijiji vya jirani viko gizani, tulikuwa na sinema, tulikuwa na mkate wa moto kila asubuhi. Ni kweli vilikuwepo. Mkate niliunusa. Sinema niliiona kutokea nyuma ya kitambaa, kwa sababu mbele palikuwa na kiingilio, na kwa nyuma picha inageuka. Nilikua nikiamini kwamba watu wote wa kwenye sinema ni wa mkono wa kushoto. Mtu anapoandika "enzi zile, jamani, Kambini ilikuwa Ulaya," mimi naifunga simu na kwenda kufagia uwanja ambao nimeshaufagia.

Baba alitoka vijijini Iringa akafuata kazi ya shimoni, akamchukua na mama. Alishuka shimoni miaka yote ya ujana wake na akatoka na kifua kibovu. Bei ya shaba ikaporomoka huko inakopangwa, kampuni ikafungasha. Waliondoka kama wageni wanaokwepa kusaidia kuosha vyombo. King'ora kilichokuwa kinatuamsha kikanyamaza, umeme ukazimwa, na watu wa kota wakaanza kurudi kwao mmojammoja, Wanyakyusa Rungwe, Wabena Njombe, Wasafwa vilima vya jirani. Baada yao wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu. Hao waling'oa mabati, wakang'oa reli, wakang'oa mabomba, mpaka kengele ya kanisa wakaondoka nayo. Sasa hivi kiangazi kikikolea, wafugaji wanapanda na ng'ombe wao kutoka bonde la Usangu kutafuta majani, na ng'ombe wanalala kwenye ukumbi wa sinema. Angalau wao wanaingia bure.

Mimi na mama tulitoka mapema, nilipopangiwa kufundisha Iringa. Baba alibaki akijiita mlinzi wa mali ya kampuni, ingawa kampuni yenyewe haikumtuma. Mdogo wangu akabaki naye, na baba alipofariki akabaki peke yake. Mdogo wangu haoni. Amepofuka tangu akiwa mtoto wa kutembea. Hata hivyo ungemkuta Kambini ungedhani anakudanganya. Alikuwa anashuka mteremko bila fimbo, anakwepa mashimo ambayo mimi mwenye macho natumbukia, analima viazi, anafuga kuku, anamuuzia mayai mke wa mfugaji, na anajua nani anakuja kwa namna anavyokanyaga kokoto. Kila nilipokwenda nilimsihi aje kwangu Mlandege. Kila mara alinijibu kitu kilekile.

"Mi siendi, dada. Huko mjini ntaenda kufanya nini? Mji huu haujanikosea kitu. Macho yangu yalichukuliwa na surua, na surua hata Iringa ipo."

Ningeweza kumtoa Kambini kwa sentensi moja tu. Nilikuwa nayo mdomoni miaka yote, na sikuisema, kwa sababu ingemtoa yeye kule na kumzika mama akiwa hai.

Mdogo wangu hajawahi kuugua surua.

Kwao mama, kama kwingine kwingi, kulikuwa na dawa inaitwa mrututu. Ni ile chumvi ya buluu inayouzwa madukani, wenye kahawa wanaijua kwa kupulizia miti. Wazee waliitumia kukaushia vidonda sugu. Bibi yetu aliitumia hata kwa macho yanayotoa tongo: chembe moja ndani ya beseni zima la maji, kitambaa kinachovywa, kope zinafutwa, basi. Sasa Kambini, pale bomba la mtambo lilipounganishwa, palikuwa panavuja, na kwenye mvujo paliota ukoko wa kijani kibuluu, mnene, unaokwanguka kwa kijiko. Wanawake wa kota walipouona wakafurahi. Wakasema mrututu si ni shaba, na hapa si ndipo shaba inapotoka? Wahindi dukani wanauza kwa chembe, sisi tunao wa kukwangua. Wakauita mrututu, wakautia kwenye vidonda vya waume zao, na vidonda vikakauka kweli. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba ndani ya ukoko ule kulikuwa na asidi ya mtambo.

Vumbi la kusaga mawe lilitushika macho watoto wote wa chini. Mdogo wangu yakamzidi. Mama alimbeba mgongoni akapanda naye zahanati ya kampuni, na pale dirishani karani akamwambia zahanati ni ya wenye kipande cha kazi, ile kadi ya mfanyakazi, mwenye kipande yuko shimoni, arudi naye. Baba hakuweza kutoka shimoni, angetoka angefukuzwa. Mama akapanda tena, akafukuzwa tena. Mtoto analia mpaka sauti imekauka. Ndipo alipokwenda kwenye bomba na kijiko. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeambiwa nimshike miguu.

Wiki zile surua ilikuwa imepita kwenye kota na watoto wengine walikuwa wamekufa. Baba alipotoka kazini akamwangalia mtoto, akamwangalia mama, hakuuliza kitu. Alisema tu, "Ni surua." Likawa neno la nyumba nzima. Tukawaambia majirani, tukawaambia ndugu wa Iringa, na mdogo wangu alipofikia umri wa kuuliza tukamwambia na yeye.

Kwa hiyo mama aliposikia habari za sherehe na kusema anataka kwenda, nilimkatalia. Amekula chumvi nyingi, miguu inavimba, ndani ya nyumba anatembea kwa kushika ukuta. Lakini alikuwa hajamwona mwanawe kwa muda mrefu, na alinuna mpaka nikashindwa. Nikakodi gari. Tukateremka Ipogolo, tukashika barabara kuu, Rujewa tukachepuka kununua mchele wa kumpelekea, kisha tukaendelea mpaka njia ya kupanda milimani. Mama alikuwa mchangamfu njia nzima, anataja kila mto. Mimi nilikuwa na hasira tangu asubuhi na sikujua naitunza kwa ajili ya nani.

Nilimjua nilipofika. Mwenyekiti alikuwa amefunga maturubai kwenye uwanja uliokuwa wa mpira, spika zinanguruma, na watu wazima wenye vitambi wamevaa fulana zilizoandikwa KAMBINI KWETU. Walipiga picha kwenye magofu ya nyumba za mameneja, wanawake wameshika viuno kwenye ngazi ambazo zamani wangefukuzwa na mbwa wakizikaribia. Kwenye kota hakwenda mtu. Mdogo wangu alikuwa amevaa shati safi, amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki kama mwenye mji. Mama akamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene," naye akamjibu na kumvutia kiti ubavuni kwake. Alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza tangu kampuni iondoke, watu walikuwa wamerudi.

Kwa kuwa mimi sikuandika historia, mwenyekiti aliisimulia mwenyewe. Yule ni mtoto wa katikati ya mteremko, mtoto wa karani, na historia yake ilikuwa ya katikati ya mteremko. Umeme, sinema, mkate. Timu ya mpira iliyowafunga Mbeya mjini. Akaona watu wameanza kusinzia, akaamua kuwachekesha.

"Na ushamba nao ulikuwepo, tusifichane! Mnawakumbuka mama zetu wa kule kota? Walikuwa wanakwangua kutu kwenye bomba la mtambo, eti mrututu!"

Watu wakacheka. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Mwenyekiti, chakula kinapoa."

"Mwache amalize, dada," akasema mdogo wangu. Alikuwa anacheka na yeye. "Hii sijawahi kuisikia. Waliufanyia nini?"

Mwenyekiti akafurahi kupata mtu wa kumchochea. "Dawa, ndugu yangu! Kidonda, mrututu. Upele, mrututu. Wengine walidiriki kuwapaka watoto mpaka machoni!"

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi mara hii, halafu kikakatika vipandevipande, kwa sababu watu walianza kuona mwenyekiti anaongea na nani. Yeye mwenyewe aliona wa mwisho. Akashusha kipaza sauti. Mdogo wangu alikuwa bado na tabasamu usoni, lakini alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mama, anavyofanya anaposikiliza mtu anayekuja kwenye kokoto. Mama alikuwa haongei, na mama si mtu wa kukaa kimya watu wanapocheka.

Akamuuliza kwa Kihehe, taratibu kabisa, "Mama, surua niliugua lini?"

Angeweza kumdanganya. Nilitamani amdanganye, nilimkazia macho amdanganye. Mama akasema, "Hukuugua surua."

Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja, jinsi mtoto alivyolia, jinsi macho yalivyomuwasha, jinsi yeye mama alivyopanda zahanati na kurudishwa dirishani, akapanda tena na kurudishwa tena. Wengi pale Kihehe hawakijui, lakini walielewa, wakaanza kuangalia viatu vyao. Mtu wa spika, sijui nani alimtuma, akafungulia muziki.

Nikaenda nikamnyang'anya mwenyekiti kipaza sauti. Yaliyonitoka sikuyapanga na sijayajutia. Niliwaambia wavue zile fulana, kwao hapakuwa Kambini, kwao palikuwa katikati ya mlima. Nikamwambia mwenyekiti kwamba karani wa dirishani, yule aliyekuwa akiuliza wanawake wenye watoto mgongoni kipande cha kazi kiko wapi, alikuwa baba yake mzazi, na kwamba yeye akiwa mtoto alitibiwa kwenye zahanati ileile kila alipokohoa. Akasema, "Dada, mzee alikuwa anafuata amri." Nikamwambia basi na hilo aliweke kwenye historia yake, maana ndiyo historia yenyewe, mengine yote ni mkate. Mtu wa spika alizima muziki ili asikie vizuri.

Nilipogeuka, kiti cha mdogo wangu kilikuwa kitupu. Nilimkuta kotani, kwenye chumba chetu kilekile, amesimama mlangoni ameweka viganja viwili ukutani. Nikamwambia mama hakujua, hakuna mwanamke aliyejua.

"Nimesikia," akasema. "Nifungie mzigo."

"Wa kwenda wapi?"

"Dada, si umekuwa ukinisumbua miaka yote niondoke? Nilikuwa nakaa hapa kwa sababu hapakunikosea. Nifungie."

Nilichokitaka kwa miaka yote nilikipata hivyo. Kuku wakaachiwa mke wa mfugaji, viazi vikabaki ardhini, mchele wa Rujewa ukarudi garini bila kushushwa. Mdogo wangu alikaa mbele karibu na dereva, mama na mimi nyuma, na mpaka tunafika Ipogolo hakumsemesha mama neno. Mama naye hakutaja mto hata mmoja.

Nichukie Kambini nitakavyo, lakini kule alikuwa mwanaume kamili. Hapa Mlandege anajigonga kwenye stuli, kwenye fremu za milango, kwenye pikipiki ya mwanangu. Nje kuna mtaro, kuna bodaboda zinazopita zikipiga honi, na kila siku mpangaji anahamisha ndoo. Mtu aliyekuwa anakimbia kwenye mteremko anakaa kwenye kochi, anasubiri. Asubuhi ya kwanza alitaka kwenda chooni, choo kiko uani. Nikampa mkono.

"Wewe kaa," akasema. "Mama aje."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama mwenyewe anatembea kwa kushika ukuta. Lakini alikuwa ameshasikia kutoka chumbani, akaja akiburuza kandambili, akatoa mkono. Mdogo wangu akaushika kwenye kifundo, si kwenye kiganja, wakatoka uani polepole, ukuta ukimshika mama, mama akimshika mwanawe.

Ikawa ndiyo desturi. Mimi hanitaki, mwanangu hamtaki, mpangaji alijitolea akaambiwa asante. Ni mama tu, chooni, bombani, juani, kanisani. Anamwambia "twende" na anamwambia "basi." Zaidi ya hapo hamwambii kitu. Nikaona hayo ni mateso, nikamwendea siku moja na kumwambia wazi kwamba anamuua mama, kama anataka kulipiza kisasi anilipizie mimi niliyemshika miguu. Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto," akageuza uso.

Wiki iliyopita miguu ya mama ilivimba mpaka ngozi ikawa inang'aa. Nilimlaza, nikamwekea mito chini ya miguu, nikamkataza kushuka kitandani. Asubuhi jua lilipopanda mdogo wangu akaita kutoka sebuleni, "Mama!" Mama akaanza kutafuta kandambili kwa miguu. Nikasimama mlangoni nikauziba kwa mikono yote miwili. Nikamwambia leo haendi, leo nitamtoa mimi, apende asipende, akikataa akae na mkojo wake.

Mama alinisukuma. Sikujua kama bado ana nguvu zile. Bega langu liligonga fremu. Alikuwa amekasirika kuliko nilivyomwona tangu nizaliwe, na macho yalikuwa yanamng'aa.

"Toka mlangoni," akasema. "Ananiita mimi."